Kushushwa Daraja Si Aibu: Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu wa Hoki ya Barafuni

Wanangu, vijana wa familia zetu mliokulia Kanada na Marekani na mkachagua kutafuta riziki katika hoki ya barafuni, nawasalimu, na kupitia kwenu nawasalimu wazazi wenu, kwa sababu sehemu kubwa ya barua hii inawahusu wao.

Nimesukumwa kuandika na jambo nililolishuhudia msimu huu. Kijana mmoja wa kwetu, aliyekuwa AHL, yaani hatua moja tu chini ya ligi kuu ya NHL, alishushwa hadi ECHL, ligi iliyo hatua moja chini ya AHL. Hakuwa amevunja nidhamu wala kucheza vibaya. Timu ilirudishiwa washambuliaji wawili kutoka juu, na nafasi yake ikajaa. Badala ya kwenda kuripoti alikotumwa, alijifungia nyumbani kwa wazazi wake, na timu ikamsimamisha bila mshahara. Nilipokwenda kumwona, nilikuta mkoba wake wa vifaa umeegemezwa ukutani sebuleni, haujafunguliwa, na magongo yake bado yamefungwa pamoja kwa utepe wa uwanja wa ndege. Aliniambia kwamba hakuogopa safari za usiku za basi wala mshahara mdogo, bali aliogopa arusi ya binamu yake, ambako angeulizwa mbele ya meza nzima, "Mbona siku hizi hatukusikii?"

Swali hilo ndilo lililoniudhi, na linaniudhi mpaka sasa. Sisi ndio watu wa kusema mcheza kwao hutunzwa, lakini mtoto wetu akipanda tunapiga picha naye na kumtambulisha kama nyota kwa kila mgeni, na akishuka hatua moja tunamnong'ona kama mtu aliyefilisika. Wazazi, nani kati yenu alimwonea haya mwanawe mhasibu alipohamishiwa tawi dogo la mkoani? Mchezaji anayelipwa kucheza ni mfanyakazi, na kuhamishwa ni sehemu ya kazi yake kama vile viatu vya barafu na gongo.

Tazameni hesabu yenyewe. NHL ina timu 32, na kila timu huvalisha wachezaji 20 tu kwa mechi, wawili kati yao wakiwa makipa. Washambuliaji ni 12, nao hupangwa katika makundi manne ya watatu watatu. Nyota wako kundi la kwanza. Wa kundi la nne huenda asitimize hata dakika kumi barafuni, akiingia kwa muda usiofika dakika moja na kurudi benchi akihema. Wengi wenu, mkijaliwa kufika, mtakuwa wa kundi hilo la nne, na nataka mlielewe hilo mapema bila kulia.

Mike Sillinger, mzaliwa wa Regina, alichaguliwa na Detroit mwaka 1989 akiwa wa 11 katika uteuzi wa wachezaji chipukizi ambao timu za NHL huufanya kila mwaka, kijana aliyetarajiwa makubwa. Wakamtuma Adirondack, katika AHL. Akaenda. Baada ya hapo akauzwa mara tisa na kuchezea timu 12 za NHL, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyekuwa ameifikia kabla yake. Mwaka 2003 Columbus ilimpeleka Dallas, na siku hiyo hiyo Dallas ikampeleka Phoenix, hata jezi ya Dallas hakuwahi kuivaa. Kombe la Stanley, taji la bingwa wa NHL, hakulipata. Lakini alicheza mechi 1,049, kwa sababu kila kocha aliyempokea alijua anapata mtu wa kushinda pale mwamuzi anapodondosha kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, katikati ya wachezaji wawili, na wa kuzuia mabao wakati timu imepungukiwa na mtu. Msimu wake bora wa kufunga, wenye mabao 32, aliupata akiwa na umri wa miaka 34, katika mwaka ambao aliuzwa tena katikati ya msimu. Angejifungia sebuleni mwaka ule wa Adirondack, tusingemjua.

Na nyinyi mna mzigo mwingine ambao Sillinger hakuubeba. Willie O'Ree wa Fredericton aliingia uwanjani na Boston tarehe 18 Januari 1958, mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL. Mechi zake zote za ligi kuu ni 45. Maisha yake mengine ya uchezaji aliyatumia katika ligi za chini, hasa Los Angeles na San Diego, akitukanwa kwa rangi yake, na akaendelea kucheza hadi mwaka 1979. Ukumbi wa Heshima wa Hoki ulimwingiza mwaka 2018, miaka 60 baada ya mechi ile ya kwanza, na kuchelewa huko ni lawama ya mchezo wenyewe, si yake. Matusi hayo hayajakwisha katika viwanja vya miji midogo. Mkitukanwa, semeni palepale kwa mwamuzi na kwa kocha, wala msimezee kwa kuhofia kuitwa wasumbufu.

Jambo moja tu la O'Ree msiliige. Aliharibiwa jicho la kulia na kisahani tangu ujanani, akaificha hali hiyo ili asizuiwe kucheza. Ukigongwa kichwa, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Someni mkataba mpaka mwisho: ule wa pande mbili una mishahara miwili, na ingawa kiwango cha chini cha NHL msimu wa 2025–26 kilikuwa dola 775,000, siku mnazokaa AHL mtalipwa ule mdogo, ambao kwa kawaida haufiki hata robo. Msinunue gari kwa mshahara wa juu. Wekeni kando fedha ya kodi ya serikali. Wakala ni mwajiriwa wenu, si baba yenu. Mliopitia WHL, ligi ya vijana ya magharibi, kila msimu mliocheza unawapa haki ya kulipiwa ada ya mwaka mmoja wa masomo, lakini haki hiyo ina masharti na muda wake. Ulizeni leo, kabla haujapita.

Kijana wangu wa sebuleni, piga simu kwa timu asubuhi, uombe radhi kwa kuchelewa, uende. Anayepewa mkataba wa kwanza na hana wa kumsomea, aniletee kabla hajatia saini. Na nyinyi wazazi, kijana huyu akirudi likizo, muulizeni alicheza dakika ngapi, katika kundi gani, na kama goti lake limepona.