Mashine ya simu isimalizie mteja salio

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wenye maduka ya jumla, zahanati, shule na ofisi za mizigo hapa Dar es Salaam ambao siku hizi wanafunga mashine za kujibu simu: ile sauti inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, halafu mwisho inakutaka uache ujumbe. Mashine zenyewe hazina ubaya. Kinachoharibu ni maneno yanayowekwa ndani yake. Mara nyingi yametungwa kwa Kiingereza yakageuzwa neno kwa neno, na hakuna aliyekaa akayasikiliza kwa sikio la mtu aliyeko Mbagala mwenye salio la shilingi mia tatu.

Simu ikiwa inaita, mpigaji hakatwi kitu. Mashine ikishapokea, sekunde zinaanza kuliwa. Mtambo uliopangwa kupokea papo hapo unamkata hata yule aliyetaka kubipu tu. Iacheni simu iite mapokezi kwa sekunde 10 hivi, ikikosa mtu ndipo mashine ishike. Salamu isizidi sekunde 8, na menyu nzima pamoja na salamu isizidi 25. Historia ya kampuni, kaulimbiu na "simu yako ni ya muhimu sana kwetu" vihamie kwenye kalenda ya ukutani. Mwenye namba ya bure ya 0800 anaweza kujisikia huru zaidi, maana bili ni yake.

Sasa Kiswahili chenyewe. Tajeni huduma kwanza, namba baadaye: "Kwa mauzo, bonyeza moja." Mkisema "Bonyeza moja kwa mauzo", sikio likishasikia "moja kwa" linangoja "moja" nyingine, na huduma inapotajwa namba imeshasahaulika. Machaguo yaishie manne, na sifuri iwe ya kumpata mtu. Kuna sababu ya kuishia hapo: simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo. Sita na tisa zina konsonanti zilezile, s na t, zilizobadilishana viti. Kwenye laini mbovu mtu hazitofautishi. Chaguo la Kiingereza likiwepo, litamkwe kwa Kiingereza chenyewe, mara moja, mwishoni mwa salamu. Msimsomeshe kila mpigaji menyu mbili.

Panapoumiza zaidi ni sentensi za kuunganishwa vipande. Mtambo una faili la "kuna wateja", faili la namba, na faili la "mbele yako". Kwa Kiingereza inakaa sawa. Kwa Kiswahili inatoka "kuna wateja mbili mbele yako", kwa sababu mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika kufuata ngeli, wakati sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Njia ndefu ni kurekodi upya wawili, watatu, wanne, watano na wanane kwa ajili ya sentensi hiyo pekee. Njia fupi ni kuikwepa ngeli: "Namba yako kwenye foleni ni: tatu." Angalieni pia namba za juu ya kumi. Mtambo usiojua kanuni zetu unasoma "ishirini moja", ile "na" imeachwa njiani, kwa hiyo irekodiwe kama faili lake na iitwe mahali pake.

Saa nazo. Ofisi inafunguliwa 08:00 na kufungwa 17:00. Ndani ya mtambo andikeni hivyohivyo, lakini sauti iseme saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tafsiri ya mashine hutoa "saa nane asubuhi hadi saa tano jioni", na saa tano jioni haijawahi kuwepo nchi hii. Kisha kagueni saa ya seva. Seva iliyoachwa kwenye saa ya dunia, UTC, iko nyuma yetu kwa saa tatu: mashine itasema mmefungwa hadi saa tano asubuhi, halafu itadai mko wazi hadi saa mbili usiku. Chagueni Africa/Dar_es_Salaam, washeni mtambo upya, mhakikishe. Sabasaba, Nanenane na 14 Oktoba mnaweza kuziingiza mapema. Idd hamuwezi, inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo tangazo la Idd lirekodiwe kabla, na mapokezi wapewe namba ya siri ya kuliwasha usiku uleule.

Kurekodi: zimeni feni, fungeni madirisha kuwakwepa bodaboda, ningʼinizeni mapazia au kanga ukutani kupunguza mwangwi. Rekodini kwa ubora wa juu, kisha mpunguze hadi faili la WAV la sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 16, mono. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp imeshabanwa mara moja. Ikibanwa tena na mtandao wa simu inakuwa kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Mwanzoni acheni ukimya wa sekunde moja, la sivyo njia ya sauti inachelewa kufunguka na "Karibu" inafika "ribu".

Upande wa ujumbe wa sauti, wengi hapa mjini wakisikia mlio wanakata, kwa sababu hawajui waseme nini. Waambieni: "Taja jina, namba yako, na unachohitaji. Ukimaliza, bonyeza alama ya reli." Kikomo kiwe sekunde 90. Ujumbe wa chini ya sekunde 3 utupwe wenyewe, na ukimya wa sekunde 5 ukate rekodi. WAV ya aina hiyo ni kama MB 1 kwa dakika. Iliyobanwa kwa mfumo wa GSM ni kama KB 100, na ndiyo inayofaa kutumwa kwa barua pepe kwa anayefungua kwa bando. Kwenye Asterisk, programu inayoendesha mitambo mingi ya simu za ofisini, sanduku la ujumbe likiachwa bila kubadilishwa linabeba ujumbe 100 tu. Likijaa, wateja wanakataliwa na ofisini hakuna anayejua. Nywila ya sanduku isifanane na namba ya ekstensheni, yaani namba fupi ya simu ya ndani ya ofisi, na mlango wa kupiga simu za nje kutoka ndani ya sanduku ufungwe kabisa; wezi wa simu za kimataifa hupitia hapohapo, na bili inakuja kwenu.

Vitufe visipoitika, msikimbilie kulaumu simu ya mteja. Kila kitufe ni milio miwili kwa pamoja, na ikipita kwenye ubanaji mkali wa sauti kama ule wa G.729 inavurugika. Wekeni utaratibu wa RFC 4733 pande zote mbili, kwenu na kwa mtoa huduma, ili namba isafiri kama taarifa badala ya sauti. Sauti ikisikika upande mmoja tu, anzeni kwa kuzima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachoingilia simu za intaneti. Na kama menyu ina 1 hadi 4, ekstensheni zisianze na 1 hadi 4. Zianze na 7. Vinginevyo mtu akibonyeza 1 mtambo unakaa unangoja kama ataongeza 01 iwe 101, na mwenye salio ndiye anayelipia kungoja huko.

Mkirekodi mazungumzo, mpigaji aambiwe kabla, pamoja na sababu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa lengo gani. Sentensi moja inatosha: "Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kufuatilia oda yako."

Kabla ya kumlipa fundi, mtumeni mtu asiyeijua ofisi yenu asimame kando ya Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni, akiwa na kitochi na vocha ya mia tano, apige aulize bei ya kitu kimoja. Akirudi, mwulizeni salio limebaki ngapi.

Mafundi wa simu za maofisini,
Kariakoo, Dar es Salaam