Wanafunzi wapimwe taifodi ipasavyo kabla ya kumeza dawa

Kwa Mhariri,

Mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi akishikwa na homa, kichwa kikimgonga na tumbo likimsokota, mara nyingi atatoka kliniki akiwa na karatasi iliyoandikwa "Widal O 1:160" mkononi na vidonge vya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, mfukoni. Ataambiwa ana taifodi. Homa ikirudi baada ya mwezi, ataambiwa taifodi imerudi, na wapo walioaminishwa kwamba ugonjwa huu umo damuni mwao na hautoki kamwe. Sisi tunaofundisha maikrobiolojia tunaomba nafasi katika safu yako tueleze kwa nini karatasi hiyo haitoshi, na ni kipimo gani mwanafunzi anapaswa kuitisha kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Taifodi huletwa na bakteria mmoja, Salmonella Typhi. Makao yake ni binadamu peke yake. Kuku hana, ng'ombe hana. Kwa hivyo kila mgonjwa amemeza, kupitia maji au chakula, kitu kilichotoka kwenye choo cha mtu mwingine. Tangu kumeza hadi dalili kuanza hupita siku 6 hadi 30, na mara nyingi ni wiki 1 hadi 2. Anayelaumu smokie na kachumbari ya jana jioni kwa homa ya leo asubuhi basi anatafuta pasipo. Akumbuke alikokula wiki mbili zilizopita. Wakishafika utumboni, bakteria hawa hupenya ukuta wa utumbo, wakaingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kujificha humo, na kutoka hapo hufika kwenye ini, bandama, uboho wa mifupa na kifuko cha nyongo. Damuni wenyewe hubaki wachache mno. Mililita moja ya damu ya mgonjwa wa taifodi mara nyingi huwa na bakteria mmoja tu aliye hai, au hana kabisa. Msomaji aishike hesabu hiyo, maana kila kitu kuhusu upimaji kinaitegemea.

Kipimo cha Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekieleza mwaka wa 1896, hakimtafuti bakteria huyo. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe hudondoshwa kwenye kigae cheupe, mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, kila tone likaongezewa tone la bakteria waliouawa na kupakwa rangi: aghalabu buluu kwa antijeni (alama ya bakteria ambayo kingamwili huitambua) ya O iliyo kwenye ngozi ya bakteria, nyekundu kwa H iliyo kwenye mikia yake. Kigae huyumbishwa kwa dakika 1. Vipunje vikijikusanya, kingamwili zipo. Tone la mikrolita 80 huhesabiwa kuwa 1:20, la 10 ni 1:160, na la 5 ni 1:320; tone dogo likijikusanya, kingamwili ni nyingi zaidi. Hapo ndipo ile namba ya kwenye karatasi inapotoka.

Makosa huingia kwa njia nyingi. Ya kwanza ni ya mikono tu: mpimaji mwenye foleni ndefu akikiacha kigae dakika 3 au 4, tone hukauka ukingoni na kuacha chembechembe zinazofanana kabisa na vipunje vya kweli, na mgonjwa huandikiwa taifodi kwa sababu ya ukavu. Lakini hata mpimaji makini hawezi kuepuka matatizo yaliyobaki. Kingamwili hukaa mwilini miezi mingi baada ya mtu kupona, hasa za H. Antijeni za Typhi zinapatikana pia kwa jamaa zake wengine katika ukoo wa Salmonella, kwa hivyo aliyewahi kuharishwa na mmoja wao anaweza kuonyesha jibu lile lile. Malaria nayo huamsha kingamwili ovyo. Na kinyume chake, katika siku za mwanzo za taifodi ya kweli kingamwili bado hazijatosha: za O huanza kuonekana siku ya 6 hadi ya 8, za H siku ya 10 hadi ya 12. Aliyepimwa siku ya 3 anaweza kurudishwa nyumbani kwa maneno kwamba yuko salama, na kumbe sivyo.

Matumizi sahihi ya kipimo hiki ni kupima mara mbili, siku 10 hadi 14 kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, na kuona kama kiwango kimepanda angalau mara nne, kwa mfano kutoka 1:40 hadi 1:160. Sasa ni nani mwenye homa atakayengoja wiki mbili? Kwa hiyo hupimwa mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo isiyo na maana katika mji ambamo watu wengi wazima kabisa wana kingamwili hizo.

Tufanye hesabu ya mfano, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuirudia kwenye daftari lake. Chukua wanafunzi 1,000 wenye homa, na tuseme 20 kati yao wana taifodi kweli. Tuseme kipimo kinawanasa wagonjwa 70 katika kila 100, na kinawasingizia wasio nayo 15 katika kila 100. Kati ya wale 20, kitawaona 14. Kati ya 980 waliobaki, kitawasingizia 147. Jumla ya waliopata jibu la "ndiyo" ni 161, na wenye taifodi ni 14, yaani hata mmoja kwa kumi hawafiki. Wengine 147 watameza dawa ya ugonjwa wasio nao huku ugonjwa walio nao ukiendelea. Badilisha namba kidogo: maadamu wenye taifodi ni wachache kati ya wenye homa na kipimo kinasingizia hivyo, wanaosingiziwa watakuwa wengi kuliko wagonjwa. Kipimo cha antijeni kwenye choo, ambacho kliniki nyingi sasa hukitoa badala ya Widal, hakijaondoa tatizo hili.

Hatusemi taifodi haipo Nairobi. Ipo, na utafiti uliofanywa Kibera kwa kuotesha damu (kuiweka kwenye virutubisho ili bakteria waliomo waote) ulionyesha kwamba ni tatizo kubwa, hasa kwa watoto wa shule. Ndiyo maana tunataka itambuliwe kwa haki.

Njia ya kuitambua ni kuotesha damu. Mtu mzima atolewe mililita 8 hadi 10, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa yoyote ya kuua bakteria. Rudi kwenye ile hesabu ya bakteria mmoja kwa mililita: ukichukua mililita 2, unaweza kuchota damu isiyo na hata mmoja, na maabara itaandika "hakuna kilichoota" bila ya kukosea popote. Ngozi isafishwe kwa spiriti ya asilimia 70 na iachwe ikauke yenyewe, kwa sababu spiriti huua vizuri inapopewa muda. Kuifuta mara moja au kuipulizia mdomo ni kuiharibu kazi. Baada ya kusafisha, mshipa usiguswe tena kwa kidole. Kizibo cha mpira cha chupa nacho kisafishwe, kwa kuwa bakteria wa ngozi wakiingia humo wataota kuliko Typhi na kumpotosha daktari. Damu iingie kwenye chupa kwa kipimo cha sehemu 1 ya damu kwa sehemu 5 hadi 10 za maji ya virutubisho, kwani damu yenyewe ina vitu vinavyoua bakteria na ni lazima izimuliwe.

Chupa huwekwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Typhi mara nyingi hujitokeza ndani ya siku 1 hadi 3, ingawa chupa hungojewa hadi siku 5 au 7. Ikionyesha dalili, tone moja hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi kwa njia ya Gram: kristali vayoleti dakika 1, iodini dakika 1, asetoni sekunde 2 au 3, kisha safranini dakika 1. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Typhi, mwenye ukuta mwembamba, huonekana vijiti vya waridi. (Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huharibu hatua ya asetoni kuliko zote. Ikikaa mno, hata wale wa zambarau hugeuka waridi, na jibu zima likapinduka.) Kisha huoteshwa kwenye sahani ya virutubisho iitwayo MacConkey, ambapo makundi yake hutoka bila rangi kwa kuwa hachachushi sukari ya maziwa, hutambulishwa kwa vipimo vya kemikali, na mwisho hujaribiwa na vidonge vidogo vya dawa kuona ipi inamuua na ipi haimtishi.

Hatua hiyo ya mwisho haiwezi kupatikana kwa Widal hata siku moja, na ndiyo inayookoa maisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakipata hapa nchini Typhi wasiosikia ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli. Siprofloksasini nayo inadhoofika, kwa kuwa badiliko moja tu kwenye jeni moja la bakteria linatosha kuipunguzia nguvu. Kule Sindh, Pakistan, tangu mwaka wa 2016 wamesambaa Typhi wanaoshinda hata seftriaksoni ya sindano, na kati ya vidonge vya kumeza madaktari wakabaki na azithromaisini. Kila dozi anayopewa asiye na taifodi huwapa mazoezi bakteria wote walio tumboni mwake, na hao hupitishiana jeni za usugu wao kwa wao, hata wakiwa wa koo tofauti.

Kuotesha kuna upungufu wake na hatutauficha. Hunasa takriban wagonjwa 60 kati ya 100, kwa hivyo jibu tupu halimfuti mtu taifodi ikiwa dalili zake zinaelekeza huko. Pia si lazima mgonjwa aliyezidiwa akae bila dawa akingoja siku 3. Daktari anaweza kuanza kumtibu papo hapo. Tunachoomba ni mpangilio, damu itolewe kwanza kisha dawa ifuate, na majibu yakija dawa ibadilishwe au isimamishwe. Na mgonjwa ajue kwamba hata kwa dawa sahihi homa ya taifodi huchukua siku 3 hadi 5 au zaidi kushuka. Asiache dozi siku ya pili kwa kudhani haifanyi kazi.

Wakati huo huo yatafutwe mengine. Aliyetoka likizo Kisumu au Pwani apimwe malaria kwa hadubini, kwani kile kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kusema "ndiyo" wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Anayekunywa maziwa yasiyochemshwa aulizwe kuhusu bruselosisi, ugonjwa wa bakteria utokao kwa mifugo. Homa, koo kuuma na vipele wiki 2 hadi 4 baada ya ngono bila kinga inaweza kuwa HIV changa, ambayo kipimo cha kidole huenda kisiione mapema hivyo, arudie kupimwa. Mafua ni virusi, na dawa nyingi za kuua bakteria hulenga ukuta au viwanda vya protini ambavyo virusi havina. Lakini homa iliyopita siku 3, tumbo lililokakamaa, choo cheusi au chenye damu, au kuchanganyikiwa, hayo si ya kliniki ya kona wala duka la dawa. Katika wiki ya tatu taifodi isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo, na hapo ni hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Kuhusu maji ya mtungi hosteli, neno ni fupi. Nairobi iko juu, maji yetu huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na wapo wanaodhani kwa hiyo hayaui kitu. Yakitokota kwa dakika 1, Typhi amekwisha. Anayetumia klorini angoje dakika 30, na maji yakiwa na tope ayachuje kwanza, maana uchafu huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Chanjo mpya ya dozi moja ilitolewa katika kampeni ya Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14; wanafunzi wetu wengi walikuwa wamepita umri huo, na inafaa waiulizie hospitalini.

Kwa wakuu wa vyuo na wasimamizi wa zahanati zao, ombi letu ni hili. Ondoeni Widal kwenye orodha ya vipimo vya homa. Wekeni chupa za kuoteshea damu, hata chache, na mkubaliane na maabara moja kubwa ya mjini izipokee kila siku. Zikishatiwa damu zisiwekwe kwenye friji, kwa sababu baridi huwazuia wale bakteria wachache kuota. Zikae kwenye joto la kawaida la chumba na ziondoke siku hiyo hiyo. Kwenye fomu iandikwe saa damu ilipotolewa, mililita ngapi, na dawa aliyomeza mgonjwa kabla ya kufika.

Walimu wa maikrobiolojia,
Nairobi