Kanuni za Maadili Zianze na Viongozi wa Vikundi vya Sanaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mwenendo ndani ya vikundi vya sanaa za maonyesho katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, jambo ambalo wasanii huambiana pembeni baada ya mazoezi lakini halifikishwi kwenye vikao. Vikundi vingi ninavyovifahamu, kuanzia Mbeya Mjini na Rungwe hadi Mafinga na Iringa, vinaendeshwa kwa nguvu za vijana wanaojitolea, na vingi kati yake havina kanuni za maadili zilizoandikwa. Pale kanuni zilipo, mara nyingi humfunga msanii aliyejiunga juzi na kumwacha huru mwalimu wa kikundi, ambaye ndiye anayegawa nafasi za kuigiza, anayeshika fedha na anayeamua nani atapanda gari kwenda kwenye onyesho na nani atabaki. Rai yangu ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe: kanuni ziandikwe, zisomwe mbele ya wanakikundi wote, na zianze na wenye madaraka.

Mikoa hii ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 12.7 mkoani Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo miradi ya afya haikauki huku kwetu, na mradi unapofika hutafuta kikundi cha kuigiza mnadani, stendi, kwenye kambi za wachuma chai au mpakani Tunduma. Inapokaribia Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, au Siku ya UKIMWI Duniani, Desemba 1, kikundi kimoja kinaweza kuhitajika katika kata kadhaa ndani ya muda mfupi. Vijana hukusanywa haraka, wengine hawajafahamiana hata majina, wanalala ugenini pamoja na kurudi makwao usiku. Katika hali hiyo malezi mema ya kila mmoja nyumbani kwao hayatoshi; unahitajika utaratibu unaojulikana na wote.

Nianze na lililo zito kuliko yote. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hajapata kazi, anapojiunga na kikundi, hugundua mapema kwamba nafasi nzuri katika igizo, posho ya safari na barua ya kumtambulisha kwa shirika fulani vyote hupitia mkononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo akimwambia abaki kwa mazoezi ya ziada, wakiwa wawili peke yao katika darasa la shule lililoazimwa, msichana hukataa kwa gharama kubwa, na wengi huona nafuu kuacha sanaa kimyakimya kuliko kueleza sababu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamfanya kuwa mhalifu mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Wengi hudhani rushwa ya ngono ni jambo la maofisini na vyuoni. Mimi naamini mwalimu wa kikundi anayetoa nafasi ya kuigiza kwa njia hiyo anatenda uovu uleule, na kanuni zetu zinapaswa kuutaja kwa jina lake, bila kuufunika kwa maneno laini ya "mahusiano yasiyofaa". Ziseme pia kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na msanii aliye chini yake, hata kama wote wawili ni watu wazima na msanii mwenyewe anasema ameridhia, kwa kuwa ridhaa anayopewa mtu aliyeshika posho yako na nafasi yako ni vigumu kuithibitisha. Anayeutaka uhusiano huo aachie uongozi kwanza.

Inanisikitisha zaidi ninapokumbuka historia ya sanaa hii nchini. Mwaka 1996, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe vikwazo vya masomo yao na kuvitamka kupitia igizo. Unyanyasaji wa kijinsia ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo wasichana hao walipata ujasiri wa kuyasema hadharani. Sanaa iliyowapa mabinti wa taifa hili mahali pa kusemea haiwezi kuachwa iwe mahali pa kuwanyamazisha.

Kwenye mazoezi yenyewe, kanuni zieleze mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Igizo la ukatili wa nyumbani lina kipigo, kuvutwa nguo na kukabwa. Igizo la mapenzi lina kukumbatiana. Kila tendo la namna hiyo linapaswa kukubaliwa kabla na wanaohusika, lipangwe hatua kwa hatua, na lifanyike vilevile siku ya onyesho, pasipo mwigizaji mmoja kuongeza chochote kwa sababu hadhira imeshangilia. Msanii anayesema "hapo usinishike" asiulizwe maswali wala asinyang'anywe nafasi. Mahali pa kubadilishia maleba pia pawekewe utaratibu. Nimeona mabinti wakivaa nyuma ya gari huku watoto na wanaume wamewazunguka, ilhali turubai moja na kamba vingetosha kuwasitiri, au kumwomba mwenyekiti wa kijiji chumba katika ofisi yake kabla onyesho halijaanza.

Kuhusu watoto sitarefusha, kwa kuwa sheria iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi. Mtoto anayecheza ngoma au kuigiza bila malipo hastahili ulinzi ulio pungufu ya huo. Mzazi atoe ridhaa kwa maandishi, mtoto asisafiri bila mlezi mwanamke na mwanamume waliotajwa kwa majina, na asiachwe kurudi nyumbani peke yake kwa bodaboda baada ya giza kuingia, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Mbeya na Njombe huwaondoa watu barabarani mapema.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa, nalo ni siri za wanakijiji. Kikundi kikifika mahali hukusanya visa kwanza: huketi na akina mama, vijana na wazee, huuliza matatizo ya pale, kisha hutunga igizo kutokana na waliyosikia. Ndiyo njia sahihi, kwani bila hivyo igizo huwa hotuba tu iliyovalishwa kanga. Lakini nilihudhuria onyesho katika kijiji kimoja ambapo kisa cha mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na ambaye mumewe alidhaniwa kufa kwa UKIMWI, kilichezwa siku chache baada ya mama huyo kukisimulia kwa wasanii. Jina lilibadilishwa, ila idadi ya watoto, aina ya mazao na hata namna ya kutembea ya marehemu vilibaki vilevile. Watu walianza kugeuka na kumtazama mama huyo alipokaa. Aliondoka kabla ya mwisho, na kikundi kile kilisifiwa na wafadhili wake kwa kuigusa jamii.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu kuhusu VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imepanua zaidi wajibu wa wanaokusanya habari za watu. Pasipo hata kufika mahakamani, kanuni ya kikundi iseme hivi: kisa kilichosimuliwa katika kijiji kisichezwe katika kijiji hichohicho kabla ya visa vitatu au vinne kuchanganywa kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kunyooshewa kidole; msimulizi aambiwe mapema kisa chake kitatumikaje na apewe haki ya kukiondoa; na msanii asipeleke simulizi hizo kwenye makundi ya WhatsApp wala kurekodi watu bila idhini. Anayevunja kanuni hii aondolewe kwenye kazi ya kukusanya visa, hata kama ndiye mwigizaji hodari kuliko wote.

Wengi wetu tunatumia pia igizo shirikishi, njia iliyoenezwa na Augusto Boal wa Brazil, ambapo mtazamaji husimamisha igizo na kuingia uwanjani kuonyesha yeye angefanya nini. Mwanakijiji anayeingia hajafanya mazoezi na anajiweka wazi mbele ya majirani zake. Mwigizaji anayecheza mume mkatili hana ruhusa ya kumshika mama aliyeingia badala ya mke, wala kumjibu kwa matusi yaliyoandaliwa kwa mwigizaji mwenzake. Mwezeshaji amlinde dhidi ya vicheko, amshukuru, na asimlazimishe kuendelea anaposita. Sambamba na hilo, kuiga kilema cha mtu au lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke kukome. Utani wa makabila una watu wake na mipaka yake. Msanii aliyesimama mbele ya hadhira asiyoifahamu hana mtani pale.

Wajibu wa kawaida wa wasanii na wanaojitolea nao uandikwe: kufika kwa wakati, kutokunywa pombe kabla ya onyesho wala wakati wa safari, kutunza maleba na ngoma, kutoa taarifa mapema unapougua. Haya yanajulikana, na hayahitaji kurefushwa.

Nimesikia hoja kwamba huwezi kumbana mtu ambaye humlipi, na kwamba kanuni nyingi zitawakimbiza vijana. Ninachokiona ni kwamba vijana hukimbizwa na upendeleo na ukimya kuhusu fedha. Anayebeba spika, anayelinda jenereta mvua inaponyesha na anayepanga watoto wakae mbele bila kukanyagana ni sehemu ya onyesho sawa na mwigizaji mkuu, naye ana haki ya kujua shirika limetoa kiasi gani, nauli ni ngapi na posho imegawanywaje. Hesabu isomwe mbele ya wote kabla watu hawajatawanyika. Kanuni inayowadai wanaojitolea nidhamu bila kuwapa haki hiyo haitaheshimiwa, wala haistahili kuheshimiwa.

Kanuni zisizo na mahali pa kupeleka malalamiko hubaki karatasi. Kila kikundi kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao si viongozi na ambao wanakikundi wote wanajua namba zao za simu, wapokee malalamiko na kuyaandika. Anayelalamikiwa apewe nafasi ya kujieleza, na wakati suala linasikilizwa asisimamie mazoezi wala safari. Ila jambo la jinai lisimalizwe ndani ya kikundi kwa kuombana radhi na faini ya soda. Likimhusu mtoto, ipo namba 116 ya kusaidia watoto, isiyo na malipo, na yupo afisa ustawi wa jamii; likihusu ukatili wa kijinsia, lipo Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi; na rushwa ya ngono hupelekwa TAKUKURU kwa namba 113.

Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina mkono wake katika halmashauri zetu kupitia maafisa utamaduni, na hao ndio wanaoulizwa mashirika yanapotafuta kikundi. Nawaomba maafisa hao wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wasitoe barua ya utambulisho kwa kikundi kisichowasilisha kanuni za maadili zilizosainiwa na viongozi wake kwanza na wanakikundi baadaye, pamoja na majina ya wapokea malalamiko wawili. Mashirika nayo yatenge katika bajeti ya kila onyesho fedha za usafiri wa kuwarudisha wasanii hadi majumbani na za kupata mahali pa stara pa kuvalia. Maandalizi ya Desemba 1 huanza mapema. Utaratibu huu unaweza kuanza na maandalizi hayo, bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu na mlezi wa kikundi cha sanaa za maonyesho,
Uyole, Mbeya