Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: injini yetu ya kumenyea kahawa na suala la umeme wa ushirika

Ndugu wanachama, wazee wetu, na vijana mliopanda kutoka Moshi mjini kuja kuwawakilisha wazazi, nawasalimu.

Mahesabu yamekaguliwa na karani ameyabandika ukutani, sitayasoma. Malipo ya awali ya kahawa mmeshapokea. Habari ya malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, ni ya mweka hazina. Muda wangu nautumia kwa kazi mliyoipa bodi mwaka jana: kuangalia kama tunaweza kuanzisha ushirika wa umeme, tuzalishe kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na kuuziana wenyewe.

Tulianza kwa kusoma habari za wenzetu. Marekani, katikati ya miaka ya 1930, mashamba yenye umeme yalikuwa kama moja kati ya kumi. Makampuni yalipiga hesabu ya nyaya na nguzo kwa nyumba zilizotawanyika, yakaona hailipi. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt akaunda wakala wa umeme vijijini, sheria ikafuata 1936, na Serikali ikatoa mikopo ya riba ndogo. Walioichangamkia zaidi ni wakulima waliojiunga katika vyama. Sisi huku tulikuwa na KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, tangu 1933, kwa hiyo kwenye ushirika hatukuwa nyuma. Tulichelewa kwenye nguzo.

Leo vyama hivyo vya Marekani ni karibu 900 na vinahudumia watu kama milioni 42. Anayenunua umeme ndiye mwenye chama: anachagua bodi, na mwenye shamba kubwa ana kura moja sawa na bibi mwenye taa tatu. Vingi havizalishi. Vinanunua umeme wa jumla, mara nyingi kutoka chama kikubwa vilichokiunda vyenyewe, kama vyama vyetu vya msingi na KNCU.

Kilichonikamata ni ziada. Haigawanywi mwisho wa mwaka. Inaandikwa kwenye jina la kila mwanachama kwa kadiri ya umeme alionunua, fedha yenyewe inabaki kazini ikijenga nguzo na kubadilisha transfoma, kisha inarudishwa pole pole. Ni malipo ya pili kama ya kahawa, ila yanaweza kuchelewa hata miaka ishirini. Nilipowaeleza wajumbe wa bodi hilo, chumba kilinyamaza.

Nchini kwetu jambo hili la ushirika wa umeme lilijaribiwa pia. Urambo, Tabora, watumiaji waliunda ushirika wao miaka ya 1990 mwanzoni, wakaendesha jenereta za dizeli. Umeme uliwaka saa chache za jioni, na uniti ilikuwa ghali kuliko ya TANESCO, lakini watu walilipa kwa sababu mbadala wake ulikuwa kibatari. Mawengi, Ludewa, kuna mtambo wa maji wa kilowati 300 chini ya jumuiya ya watumiaji. Huko kuna mto wa kweli.

Sasa mfongo wetu. Mwezi wa Septemba, maji yakiwa yamepungua, tulipima mita kumi kwa kamba, tukatupa kipande cha mgomba majini, kijana mmoja akashika saa ya simu. Sekunde ishirini. Upana sentimita 60, kina 20. Ukitoa maji yanayozubaa kingoni na chini, hazifiki lita 50 kwa sekunde. Mteremko tunaoweza kuutumia ni mita 20. Hiyo inatoa kilowati tano, labda na kidogo juu. Mashine ya kusaga hapa senta, yenye mota ya hospawa 20, inataka kama kilowati 15. Tena maji hayaliwi na mtambo, ni kweli, lakini yanatokea bondeni, chini ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vinavyoyangoja kwa zamu. Sitaki kuwa mwenyekiti wa kumweleza mama mwenye zamu ya Jumanne kwamba maji yake yamekwenda kuwasha taa.

Lakini hata mto ungekuwepo, ningesita, na sababu mnaijua. Oktoba, kahawa ikiwa imejaa uwanjani, injini ya kumenyea iliunguza gasketi. Fundi alitaka fedha kabla hajafungua boksi la spana. Chama hakikuwa nayo. Tulichangishana pale pale kwenye mwanga wa simu, wengine wakamenya kwa mashine za mkono hadi alfajiri, na kahawa iliyolala bila kumenywa ilishuka daraja. Fedha ya matengenezo ilikuwepo mwaka uliotangulia. Mkutano huu ndio ulioamua igawanywe yote. Nami nilinyoosha mkono, wa kwanza kabisa.

Ushirika wa umeme ni injini hiyo hiyo, isipokuwa ikizima, kijiji kizima kinakuwa gizani, na anayetakiwa kumkatia shemeji yake asiyelipa ni sisi.

Kwa hiyo bodi inashauri tusianzishe. Nguzo za TANESCO zimeshafika senta, na bei ya kuunganishwa vijijini iliyotangazwa ni shilingi 27,000. Tunaomba badala yake ridhaa ya mambo mawili: chama kiombe umeme wa fezi tatu kwa ajili ya mashine ya kahawa, na kiandike barua kwa niaba ya vitongoji viwili vya juu ambavyo nguzo zimeviruka. Barua imeshaandaliwa, inasubiri sahihi zenu.

La tatu ni langu mwenyewe, ajenda namba sita: tozo ndogo kwa kila kilo ya kahawa mbivu, iingie kwenye akaunti ya matengenezo isiyoguswa bila kura ya mkutano huu. Kiwango kimeandikwa kwenye karatasi zilizoko kwa karani. Someni kabla ya chai, maana baada ya chai tunapiga kura.