“Tumelipia droni, mmetuletea mdoli”: ndogo au ya kati, na kwa nini bei zinapishana

Mwenyekiti wa kamati moja ya harusi alitupigia Jumatatu asubuhi, hata salamu hakuimalizia. Video alikuwa hajaiona bado. Kilichomkera ni alichokiona kwa macho siku yenyewe: kijana wetu alitoa kwenye begi kitu kinachoenea kiganjani, akakirusha, basi. “Sisi tumelipia droni, ninyi mmetuletea mdoli. Jirani yangu alipigiwa na likubwa, tena kwa hela ndogo kuliko hii.” Alitaka arudishiwe nusu.

Sisi tunaouza droni, kuzitengeneza na kuzirusha kwenye kazi za watu tumeshaambiwa hivyo mara nyingi. Na hapo kaunta tunapata kesi ya upande wa pili: mtu anang’ang’ania ndogo kwa sababu ni nafuu, baada ya muda anairudisha kwenye boksi la viatu, mkono umekatika, anasema tumemuuzia mbovu. Wote wawili wanapima droni kwa macho. Sasa tuongee.

Tukisema ndogo, hapa dukani tunamaanisha zile za ukoo wa Mini wa kampuni ya DJI, zenye uzito usiofika gramu 250. Ya kati ni ukoo wa Air: Air 3 ina gramu 720, Air 3S imezidi kidogo. Kuna kubwa zaidi ya hapo, Mavic 3 Pro inakaribia kilo moja, lakini anayehitaji hiyo kwa kawaida anajua anachotafuta na hatuulizi mengi.

Tuanze na jambo ambalo muuzaji mwenye tamaa hakuambii. Mini 4 Pro na ile kamera pana ya Air 3 zina sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga wa picha) ya kipimo kilekile, inchi 1/1.3. Mchana wa jua, weka picha mbili mezani uniambie ipi ni ya ndogo. Wateja wetu wengi wamebahatisha na wamekosa. Kwa hiyo anayeongeza hela kutoka Mini 4 Pro kwenda Air 3 kwa kudhani mchana picha itakuwa kali maradufu, anatupa hela. Air 3S ni habari nyingine, kamera yake kuu ina sensa ya inchi moja, na ukipiga jioni Magharibi inapokaribia utaiona tofauti kwenye vivuli. Ila ukisikia “Air ni Air tu”, uliza ni ipi.

Unachokipata kwa Air 3 ni jicho la pili, lensi ya milimita 70 inayovuta. Hiyo ndiyo inayotuingizia hela. Tunasimama mbali, tunapiga msafara wa harusi barabarani, pikapu ya matarumbeta mbele na gari la maharusi nyuma, na hakuna anayeinua kichwa kutazama juu. Ukiwa na ndogo yenye jicho moja pana, lazima usogee, na ukisogea utasikika.

Basi kwa nini kwa yule mwenyekiti tulikwenda na ndogo? Kwa sababu tulipita kuliangalia eneo kabla, kama tunavyofanya kwa kazi zote. Ni uwanja wa nyumbani, maturubai yamebanana, miembe miwili imetanda katikati, na nyaya za taa za mapambo zimekatiza kila upande. Ukiishusha ya gramu 720 hadi usawa wa meza kuu, upepo wa propela zake unabeba vitambaa vya mapambo, na shela ya bibi harusi inaruka hadi kwenye keki. Tumeliona hilo kwenye sherehe moja iliyorushwa na wengine, na yule mama wa mapambo aliongea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Isitoshe, kamati ilitaka vipande vya kusimama vya kurusha TikTok na kwenye stetasi za WhatsApp. Mini 4 Pro kamera yake inajizungusha yenyewe ikalala ubavu, kwa hiyo unapata picha ya wima iliyo kamili. Air 3 inakata tu kutoka kwenye picha ya kulala, na hapo ubora unashuka hadi 2.7K. Ndogo ndiyo iliyokuwa sahihi, na bei ilikuwa ileile kwa sababu mnalipia kijana anayejua kuipitisha katikati ya nyaya, mtu wa pili anayemwangalizia, betri za kutosha, karatasi za vibali na siku mbili za kuhariri.

Likubwa la jirani kwa hela ndogo? Muulizeni jirani awaonyeshe video, halafu muulizeni aliyerusha awaonyeshe kibali.

Sasa upepo, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela.

Meneja wa hoteli moja ndogo pale Paje alinunua kwetu Mini. Tulimwambia mapema: kwa pwani ya mashariki ya Unguja, chukua ya kati. Akasema yeye anapiga tu bwawa na vyumba, na tofauti ya bei atanunulia viti vya ufukweni. Mwezi Julai, kusi imeshika kasi, vijana wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wamejaa (hao peke yao wangetosha kumwambia upepo ukoje), akaamua kupiga ufukwe mzima. Akairusha kuelekea Bwejuu. Ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo mtego ulipo: upepo ulikuwa nyuma yake.

Piga hesabu nasi. Mini 4 Pro kwenye mwendo wa kawaida hufika mita 12 kwa sekunde. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, ukiisukuma kwa nyuma inaenda kwa mita 22, na mita 600 inazimaliza ndani ya nusu dakika. Igeuze sasa. Mita 12 kutoa 10, inabaki mita 2 kwa sekunde. Zile mita 600 zinataka dakika tano za kuhangaika, mota zinazunguka kwa nguvu zote na betri inaliwa haraka. Na hiyo ni kama upepo wa juu ni sawa na wa chini, ambapo si kweli. Ukisimama nyuma ya ukuta wa hoteli unahisi kijiupepo tu, ila juu ya minazi mambo ni mengine kabisa.

Kuna mwendo wa kasi, ndiyo, ambao Mini 4 Pro inafika mita 16 na Air 3 mita 21. Kwa upepo uleule, ya kwanza inabakiwa na mita 6 na ya pili 11, karibu mara mbili. Karatasi ya kiwandani inasema Mini 4 Pro inahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde na Air 3 mita 12. Ukiangalia namba hizo utadhani tofauti ni ndogo. Nguvu ya kurudi nyumbani ndiyo ya kuangalia. Tena kumbuka kwenye mwendo wa kasi vihisi vya kukwepa vizuizi vinazimika, mnazi ukiwa mbele ni wako.

Meneja yeye aliendelea na mwendo wa kawaida. Tulifungua kumbukumbu ya safari kwenye simu yake: onyo la upepo mkali limejirudia, amelifuta, limekuja tena, amelifuta. Betri ilipoisha droni ikashuka yenyewe pale ilipo, katikati ya vijiti vya mashamba ya mwani. Akina mama wa mwani waliiokota maji yalipokupwa, wakaileta hotelini wameifunga kwenye kanga. Maji ya chumvi yalikuwa yameshaingia kwenye bodi na betri imevimba. Betri iliyovimba haitengenezwi, usimruhusu fundi yeyote akuambie anaitoboa au anaibana. Alichookoa kwa kutonunua ya kati hakikufika hata kulipia Mini ya pili, ambayo, tuseme ukweli, hakuinunua. Alichukua Air, na viti vya ufukweni vikasubiri.

Sisemi ndogo haifai pwani. Asubuhi, kabla ya saa tatu, upepo ukiwa bado umelala, tunairusha Mini hata Jambiani. Kanuni tuliyowawekea vijana wetu ni kwamba ndogo inatoka kwanza kwa kupambana na upepo, kisha inarudi ikisukumwa. Ikishindwa kwenda, irudishwe hapo hapo, hakuna cha kujaribu tena.

Njia nyingine ya mkato ambayo watu wanaitafuta ni hii ya gramu 249. Mteja anaingia, simu mkononi, kipande cha video ya Mmarekani kimeshafunguliwa: “Nipe ile ambayo haihitaji kibali.” Kaka yangu, huyo anaongelea kwao. Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha na droni yake haifiki gramu 250 hasajili. Ulaya wamelegeza pia, japo ikiwa na kamera mwenyewe bado anatakiwa kujisajili. Sisi Tanzania tuna kanuni za 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ridhaa ya upande wa ulinzi inahusika. Kenya nao wana kanuni zao za 2020 chini ya mamlaka yao ya anga, KCAA. Kupungua gramu hakukufanyi uonekane hewa. Mteja mmoja alirudi safari ya Dubai na Mini begani, ameambiwa na aliyemuuzia kwamba ni kichezeo. Ikabaki kwa maofisa uwanja wa ndege, naye akaja kwetu anauliza kama tunaweza “kuongea nao”. Hatuwezi, na hatufanyi hivyo. Tunachoweza ni kukuandalia karatasi kabla hujanunua, na hiyo tunaitoza kwa sababu inakula muda. Hifadhini ni ruhusa ya peke yake, usijaribu hata kuifungua begi ukiwa huna. Zanzibar ulizia kabla ya kupanda boti.

Halafu kuna kichekesho: wengi wanaoing’ang’ania gramu 249 ndio haohao wanaotaka betri kubwa ya Plus ili iruke muda mrefu. Ukiifunga hiyo, uzito umeshavuka.

Mtumba nao nitaugusa kidogo. Usitoe hela kabla muuzaji hajaiondoa droni kwenye akaunti yake mbele yako, wewe ukaiingiza kwenye yako, ikaruka. Ukishapewa na yeye kazima simu, hatuna ufunguo wa kukufungulia. Angalia pia utepe mwembamba unaokwenda kwenye gimbali, kile kishikio kinachoituliza kamera. Ukiona umekunjamana, iliwahi kuanguka hata kama ganda ni jipya.

Na kwenye meza ya ufundi, zinazokuja nyingi hazikuharibiwa na udogo wala ukubwa. Ni mtu kuwasha droni huku kofia ya plastiki ya gimbali haijatolewa, mota ndogo inasukumana na plastiki mpaka inaungua. Ni mtu kuirushia juu ya paa la zege lenye nondo, dira inachanganyikiwa, droni inazunguka duara na kupiga tanki la maji. Ni propela za bei poa: zinafanana na halisi, ila weka moja kwenye kidole uone upande mmoja unavyolemea. Mtetemo huo unakula beringi, kisha video inatetemeka, kisha unatulaumu sisi.

Kuhusu bei zetu. Mini 4 Pro ilipotoka Septemba 2023 ilianzia dola 759 Marekani, Air 3 ilipotoka Julai mwaka huohuo dola 1,099. Watu wanatuonyesha namba hizo kwenye simu wakidhani tumewapiga. Hiyo ni kabla ya kodi yoyote ya kwao, kabla ya usafiri, kabla ya ushuru wa hapa na VAT ya asilimia 18. Anayekuuzia chini ya hapo ama hajalipa kitu mahali fulani, ama anakuuzia iliyorudishwa na mteja mwingine. Sisi risiti tunatoa, na droni ikija na tatizo la kiwandani unatukuta palepale.

Ukiniuliza mimi, bila kupamba: mpiga picha wa harusi za mjini, mwenye mkondo wa TikTok, anayesafiri na begi moja, achukue ndogo yenye vihisi pande zote, betri tatu, asiongeze hata shilingi kwenda ya kati. Hoteli ya pwani, kampuni ya viwanja inayopiga maeneo wazi ya Kibaha au Kigamboni, mtu wa matangazo anayekabidhi kazi jioni, hao wachukue ya kati, na kama hela haitoshi wakodi siku ya kazi badala ya kununua ndogo kwa matumaini. Wapima ardhi wanaotaka ramani, hizi zote mbili si zenu. Mnahitaji yenye shata ya kimitambo, yaani kipazia halisi kinachofunguka na kujifunga ndani ya kamera, Mavic 3E kwa mfano.

Kwa anayesita, tunarusha majaribio bure kabla ya kulipa, ndogo na ya kati, uwanja uleule, dakika zilezile. Tunafanya saa tisa alasiri, upepo ukiwa umeamka. Njoo na simu utakayoitumia, iwe na chaji na nafasi ya kutosha, maana rimoti za kawaida zinaitegemea hiyo, na simu zilizojaa picha za mwaka jana zinagoma katikati ya safari.