Barua kwa mdogo wangu mwenye banda la gemu Ilomba

Mdogo wangu,

Nimesoma ulichoandika kwenye kundi la familia baada ya majirani kukupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu watoto wanacheza gemu za ukatili bandani kwako. Umesema gemu ni gemu tu, hakuna mtoto aliyewahi kuua mtu kwa pedi ya kuchezea, na wanaolalamika wana wivu kwa sababu banda lako linajaa na maduka yao yamedoda. Hilo la wivu siligusi. Mengine nakujibu hapa hadharani, maana vijana wenye mabanda kama lako wamejaa hapo Mbeya kuanzia Mafiati hadi Uyole, na hata huku Iringa nilipo mambo ni yaleyale.

Kwanza nikutetee. Yule mama aliyesema gemu za kupigana zinazalisha majambazi hana pa kusimamia. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti mwaka 2015, kikatoa tena kauli mwaka 2020: gemu za ukatili zina uhusiano mdogo na ukorofi wa kusukumana na kupigiana kelele, lakini ushahidi wa kuzihusisha na uhalifu mkubwa hautoshi. Jimbo la California nalo lilitunga sheria mwaka 2005 ya kumtoza faini hadi dola 1,000 anayemuuzia mtoto gemu ya ukatili. Juni 2011 Mahakama ya Juu ikaitupilia mbali, majaji 7 kwa 2. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kwamba hata hadithi za watoto zimejaa mambo ya kutisha: Hansel na Gretel wanamchoma mchawi ndani ya tanuri.

Niliposoma hayo nikamkumbuka bibi kule Tukuyu. Zimwi lake lilikuwa linameza kijiji kizima, ng'ombe na wapagazi juu, na sisi tukaenda kulala salama. Lakini bibi alikuwa anatutazama usoni. Mdogo wetu wa mwisho akianza kulia, zimwi lilikufa mapema usiku huo. Aliwajua wasikilizaji wake. Hapo ndipo nakushika shati.

Zile namba na herufi za umri wa mchezaji kwenye makasha ya gemu hazikuletwa na watu wa dini, kama ulivyodhani. Mwaka 1993 Marekani kulikuwa na kelele kubwa juu ya Mortal Kombat, gemu ya kupigana hadi kuuana. Toleo la kampuni ya Sega ukiingiza msimbo wa siri linamwaga damu. La wapinzani wao Nintendo damu iligeuzwa jasho. Wazazi walikuja juu, maseneta wakawaita wenye makampuni Desemba mwaka huo, na makampuni yakaona heri yajipangie utaratibu kabla hayajapangiwa. Mwaka 1994 ikaanzishwa ESRB, bodi ya kuzipangia gemu madaraja ya umri: E kwa wote, T kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Ulaya wakaja na utaratibu wao, PEGI, mwaka 2003, wao wakaweka namba kabisa: 3, 7, 12, 16, 18. Wala si mapambo. Mwaka 2005 ilipogundulika kwamba ndani ya GTA San Andreas, gemu ya magenge ya mjini, kuna sehemu ya ngono iliyofichwa, gemu ilipandishwa hadi daraja la watu wazima pekee, na maduka makubwa yakaiondoa kwenye rafu hadi lilipotoka toleo lililosafishwa.

Sasa angalia utaratibu wote huo unategemea nini. Unategemea duka, kasha, muuzaji anayeuliza umri, na mzazi anayelipa. Kwako hakuna hata kimoja. Gemu zako zimekopiwa kwenye diski, kasha hakuna aliyewahi kuliona, na mtoto analipa mwenyewe kwa sarafu aliyopewa ya maandazi. Tahadhari yote iliyoandikwa huko inaishia njiani. Anayebaki kumuuliza mtoto umri wake ni wewe uliyekaa mlangoni.

Nilipopita kwako mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya imekaza, palikuwa na mtoto wa darasa la tatu hivi, sweta la shule limevutwa hadi kwenye vidole, amekaa juu ya kreti la soda anacheza hiyohiyo San Andreas. Misheni, yaani kazi anazopewa mchezaji, hafanyi, kwa sababu maelekezo ni ya Kiingereza na hayaelewi. Yeye anatembea barabarani, akikutana na mwanamke anamtwanga na rungu hadi anaanguka, anaokota hela, anamfuata mwingine. Wenzake wanamhesabia. Mtu mzima anayecheza gemu ile anaona kisa chenye ndugu, mazishi na usaliti. Yule mtoto kisa kizima kimempita. Kilichobaki mkononi ni rungu na mwanamke. Hapo sihitaji mtafiti aniambie kitu.

Utasema sheria haikutaji. Ni kweli Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tuliyonayo ni ya mwaka 1976, PlayStation haijazaliwa, na iliwaza majumba ya sinema. Lakini usitegemee huo mwanya. Wakubwa wakichoka huwa hawachambui, wanafagia. China tangu 2021 mtoto chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwenyekiti wako hana nguvu za Beijing, ila kufuli analo, na akifunga atafunga na FIFA yako, ile gemu ya mpira, ambayo PEGI wameipa 3.

Ninachotaka ufanye si kikubwa. FIFA na magari, acha kila mtu acheze. Tekken ya kupigana na gemu za mieleka, Marekani wamesema 13 na Ulaya 16. Mimi ningewaachia wa sekondari. Mortal Kombat, GTA na God of War zihamie televisheni ya ndani, nyuma ya pazia, kwa watu wenye ndevu. Najua utaniambia watahamia banda la jirani. Wachache watahama. Ila mwenyewe uliniambia hela yako inatoka kwenye FIFA, ile ya mshindi anabaki na aliyefungwa anatoa mia mbili, sasa hofu ya nini?

Na hao wazazi ukikutana nao kwa mwenyekiti, waulize kwa adabu simu zao zinashikwa na nani jioni. Duka la Google linaweka umri kwenye kila gemu, na lina sehemu ya kufunga kwa namba ya siri. Sidhani kama kuna hata mmoja mtaani kwenu aliyeigusa. Usiulize kwa kejeli lakini, wewe ndiye mwenye kesi.

Televisheni ya pili nitachangia nusu. Ni mkopo, nataka irudi kabla ya mbolea ya msimu ujao. Pazia mwombe shemeji, anayo yale mazito ya zamani.

Kaka yako,
Kihesa, Iringa