Pua ya ngamia, pafu la mtu

Mwanangu Halima,

Hapa Isiolo tu wazima. Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu: mbona huko Saudia kirusi kilekile cha MERS, ule ugonjwa wa kupumua ulio ndugu wa Korona, humtoa ngamia kamasi tu, na binadamu kikamlaza kwenye mashine ya kupumulia?

Nikujibu kwa lugha ya malishoni. Kupe hang'ang'anii popote; hutafuta sikio, kiwele, chini ya mkia. Kirusi nacho hakiingii seli yoyote ile. Miiba yake ya protini sharti inase kwenye kipokezi fulani juu ya seli, na hiki cha MERS, kilichotambuliwa Rotterdam mwaka 2013, kinaitwa DPP4. Ikishanasa, vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe huikata ile miiba, utando wa kirusi ukaungana na wa seli, mzigo ukateremka ndani.

Sasa ngamia ana DPP4 tele puani. Sisi puani ni nadra sana. Yetu iko chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Basi yeye hupiga chafya akawaambukiza wenzake, mtu hupata nimonia. Katika kila wagonjwa 100 walioripotiwa, kama 35 walifariki. Lakini kwa kuwa kimejichimbia huko chini, hakirukii wengine kirahisi kama Korona, ambayo kipokezi chake, ACE2, kiko hadi puani. Ndiyo maana huko wodini mnaambiwa mchukue makohozi ya ndani, msitosheke na kijiti cha puani. Na siku ya kumwingiza mgonjwa mpira kooni, vaa ile barakoa nzito hata kama inakubana.

Mama yako alisikia nikitaja DPP4 akaruka: si ndiyo inayozuiwa na vidonge vyake vya sukari? Ndiyo hiyo. Ila dawa huziba pale protini inapokatia homoni, kirusi hunasa ubavu mwingine, kwa hiyo vidonge havimkingi. Amekasirika kidogo.

Kingamwili za MERS zimeonekana kwenye damu ya ngamia wa Somalia na Sudani iliyohifadhiwa tangu 1983, miaka 29 kabla ugonjwa haujajulikana kwa watu. Nami wakati huo nilikuwa nawafungua midomo kuwanywesha dawa, wananipigia chafya usoni, sina hata kitambaa!

Ukialikwa kwenye mazizi siku ya mapumziko, maziwa yachemshwe kwanza. Najua unayataka mabichi.

Baba yako